Salamu ya Wapita Njia

Fuensanta Ortega alikilinda kivuko cha reli cha Las Pilillas kwa miaka ishirini na mitano, na katika miaka hiyo yote hakuna treni iliyopita bila mtu wa nyumba ile kusimama mlangoni na bendera. Watu wa mjini hudhani ile ilikuwa kazi ya kukaa kitako. Nawaambia hawajui kitu. Kengele ya simu ikilia kutoka stesheni ya jirani, anaacha sufuria motoni na mtoto analia, anatoka mbio, anavuta mnyororo upande huu wa barabara kisha upande wa pili. Wenye nyumbu na matrekta wanamtolea maneno, yeye kimya. Treni yenye mapipa ya mafuta ya zeituni inapita, dereva anapunga mkono, mnyororo unafunguliwa, na akirudi ndani anakuta dengu zimeshika chini. Blas, mumewe, alikuwa fundi wa njia hiyo hiyo, wa kukaza boliti na kubadilisha mataruma. Shirika liliwapa nyumba pembeni ya reli: vyumba viwili, tangi la maji ya mvua na mtini mmoja. Humo alimzaa mtoto wake wa pekee, Amador, na watu wa kijijini husema hata siku ile alitoka kuvuta mnyororo. Hiyo ni chumvi. Siku ile alivuta Blas.

Mwaka themanini na tano wakaifunga njia. Hapakuwa na sherehe wala matusi, ilikuja barua tu. Amador, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu na hana cha kufanya ila kupiga mizeituni ya watu wengine fimbo ili zeituni zianguke, akafunga begi akaenda kaskazini, Sabadell, kwenye viwanda vya nguo. Waliobaki waliambiwa wanaweza kuendelea kukaa kwenye nyumba mpaka hapo itakapoamuliwa vinginevyo, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuamua, wakakaa.

Blas alifariki Desemba ya mwaka tisini na moja, katikati ya mavuno, fimbo mkononi. Moyo. Sasa, kwetu maiti halali siku mbili. Anayekufa leo asubuhi, kesho alasiri ameshazikwa, awe tajiri au maskini, na anayetoka mbali ajitahidi mwenyewe. Simu ya reli ilishang'olewa pamoja na reli. Custodio, jirani mwenye shamba upande wa pili wa kivuko, alipanda pikipiki mpaka kijijini akapiga simu kwenye mgahawa ulio chini ya chumba cha Amador. Mwenye mgahawa akaandika ujumbe kwenye kikaratasi, akakiweka chini ya glasi, na kikakaa pale mpaka usiku. Amador alifika siku moja baada ya maziko, hajalala, hajanyoa.

Wanawake wa kijijini walikuwa wamekaa wameegemea ukuta, wote kwa nguo nyeusi. Fuensanta akasimama mlangoni, hakusogea.

"Umekosea nyumba," alimwambia mwanawe. "Hapa hakuna aliyefiwa na baba. Aliyefiwa ni mimi peke yangu."

Amador akaweka begi chini. Alisubiri kidogo, muda ambao mtu husubiri akidhani mwenzake ataongeza neno. Hakuna aliyeongeza, hata wale wanawake, ambao siku nyingine hakuna neno linalowashinda. Akaokota begi lake akashuka na njia ile isiyo na reli, kwa miguu, na hiyo ndiyo mara ya mwisho mama yake kumwona. Au ndivyo alivyoamini.

Alijuta siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama. Sisemi hivyo kumtetea. Mwenyewe alimwambia Custodio, na Custodio hana siri. Lakini kujuta ni jambo moja na kufanya kitu ni jingine. Barua ya kwanza ilimshinda kwa sababu hakujua kuandika vizuri. Ya pili ilimshinda kwa sababu ilikuwa imechelewa. Baada ya hapo ikawa aibu tu, na aibu ya mama kwa mtoto ni nzito, haibebeki wala haitupiki. Amador naye alikuwa mtoto wa mama yake, kichwa kile kile.

"Nipe namba nimpigie mimi," Custodio alikuwa akimwambia kila Krismasi. "Sisemi kitu. Nasema tu, mama yako mzima, bado mbishi."

"Njia anaijua."

"Anaijua, lakini wewe ndiye uliyefunga mlango, bibi wewe."

"Sasa uko wazi. Huoni uko wazi?"

Na kweli ulikuwa wazi, kiangazi na baridi. Alikuwa ameshapanga atakachosema siku hiyo. Hakukuwa na hotuba. Angesema, "Pita ndani, chakula kipo," kama vile mtu ametoka shambani, na mengine yangefuata yenyewe au yasingefuata. Maneno matatu manne hayo ndiyo aliyokuwa akiishi nayo. Dada yake alipomwita akakae naye kijijini, kwenye nyumba yenye joto na choo cha ndani, alikataa, na sababu ilikuwa hiyo tu. Amador akirudi, atarudi kwa njia ya reli, kwa sababu hajawahi kuijua nyingine. Asije akakuta nyumba tupu.

Kisha wakaleta baiskeli. Wakasawazisha tuta la reli, wakamwaga kokoto laini, wakatia taa kwenye mahandaki na mbao juu ya madaraja ya chuma, wakaita Njia ya Kijani. Sisi tulicheka. Nani atatoka kwake aje kuendesha baiskeli kati ya mizeituni, mahali ambapo sisi wenyewe tunatafuta pa kutokea? Wakaja. Walikuja kwa mamia, kutoka Seville, kutoka Madrid, kutoka nchi ambazo hazina kilima hata kimoja, wamevaa suruali za kubana ambazo mwanamume wa kwetu asingevaa hata gizani, mikoba imening'inia pande zote mbili za keria. Na ukweli usemwe, njia ni tamu. Treni haipendi kupanda, kwa hiyo wazee wetu waliizungusha reli kila kilima taratibu. Mtu anaweza kuvuka milima yote hii bila kushuka kwenye pedeli, na hakuna gari, hakuna lori, hakuna honi. Kunasikika cheni tu, na kokoto, na ndege.

Fuensanta akarudi kazini. Hakuna aliyemwajiri. Aliweka kiti nje ya mlango, ndoo ya maji ya tangi na kikombe, pampu ambayo mwendesha baiskeli mmoja aliisahau, na viraka na gundi kwa wenye pancha. Mwenye njaa alikatiwa kipande cha mkate, kinachimbwa katikati, kinajazwa mafuta na nyanya na chumvi, kama tunavyokula sisi shambani. Trekta la Custodio likitaka kukata njia wakati baiskeli zinakuja, bibi anainua mkono na trekta linasimama.

"Mimi nina zeituni zinaozea kwenye tela," Custodio alilalamika, "na huyu ananisimamisha kwa ajili ya Wajerumani wanne wenye miguu myekundu."

"Njia kuu ni yao. Ungekuja mapema."

Na kila aliyepita alimpa salamu. Hapa lazima nieleze kidogo, kwa sababu hata Wahispania wa mjini hawatuelewi. Neno letu la kumsalimia mtu anayepita ni "adiós." Huko mjini na kwenye vitabu hilo ni neno la kuagana, ni kwaheri. Kwetu milimani ukikutana na mtu njiani, yeye anakwenda zake na wewe unakwenda zako, humwambii habari, kwa sababu habari inataka jibu na jibu linataka kusimama. Unamwambia adiós. Ni kusema nimekuona, sikuzuii, endelea. Watoto wetu hulijua kabla ya kujua kuhesabu. Wageni lilikuwa linawachanganya sana. Mholanzi mmoja mrefu alifunga breki akauliza kwa Kihispania chake cha kuokoteza, "Mama, mbona unaniaga na mimi ndiyo kwanza nafika?" Fuensanta alicheka siku nzima na hadithi ile ikazunguka kijiji kizima.

Miaka ikaenda hivyo. Nywele zikawa nyeupe, magoti yakaanza kugoma, na asubuhi ya Machi moja, akiwa na miaka themanini, alikuwa amekaa kwenye kiti chake anachambua majani ya mboga ya porini, yale machungu tunayoyapika na kitunguu saumu. Mwanamke mmoja akatokea kwenye mdomo wa handaki, anaendesha baiskeli ya kiume, kubwa kuliko yeye, anapinda pinda.

"Adiós," Fuensanta alimwambia, macho yakiwa kwenye bakuli.

Yule mwanamke akafunga breki ghafla mpaka gurudumu likateleza. Alishuka, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, uso mwekundu kwa kupanda, akihema.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Mtu hajafika, wewe unamfukuza."

"Sikufukuzi, mwanangu. Ndivyo tunavyosalimiana huku. Maji unataka?"

"Sitaki maji. Wewe ni Fuensanta? Mama yake Amador?"

Mikono ikasimama juu ya bakuli.

"Ndiye mimi," alisema, na macho yake tayari yalikuwa nyuma ya yule mwanamke, kwenye handaki, yakimtafuta mtu mwingine aliyechelewa kidogo, pengine kwa pancha. "Yuko wapi?"

"Mimi ni Neus. Mke wake." Kisha akasema haraka, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo njia nzima. "Amador alifariki tarehe kumi na moja Februari. Saratani ya kongosho. Tulimzika Sabadell."

Fuensanta alifungua mdomo aulize mbona hakuitwa. Mbona hakuna aliyepiga simu kijijini, mbona hawakumsubiri, mama mzazi, akafika hata kama ni kwa kuchelewa. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Kisha akaona ni maneno ya Amador, yale ambayo siku ile ya begi hakuyasema, akafunga mdomo. Hakuwa na haki ya hata moja kati ya hayo, na alijua mahali alipoipoteza: pale pale mlangoni, futi tatu kutoka alipokaa.

"Kaa," alisema. "Kaa, mwanangu."

Neus hakukaa. Alikuwa amekuja na hasira yake kutoka mbali na hakutaka ipoe kabla hajaitoa.

"Oktoba madaktari walimwambia. Kabla ya kuanza dawa akasema, naenda kumwona mama. Nikamwambia twende wote, akakataa. Alipakia baiskeli hii kwenye treni mpaka Jaén, akaendesha kilomita arobaini, yeye ambaye ngazi za nyumbani zilikuwa zinamshinda. Siku ya tatu akarudi. Nikamuuliza, umemwona? Akasema, nimemwona. Amekwambia nini? Adiós. Basi. Amekwambia adiós, basi? Akasema ndiyo, nilisimama mbele ya mlango, mguu chini, alikuwa anapasua zeituni kwa jiwe, akaniangalia, akasema adiós, nami nikasema adiós, nikaondoka." Akaigusa baiskeli. "Mpaka anakufa hakuongeza neno. Mimi nimekuja kuona tu. Nilitaka kuona ni mwanamke wa namna gani anayemfukuza mtoto wake mlangoni mara mbili."

Jua lilikuwa limepanda na kokoto zilianza kung'aa. Waendesha baiskeli wawili walipita wakapunga mkono, na kwa mara ya kwanza tangu njia ile ifunguliwe hawakusalimiwa.

"Sikumjua," Fuensanta alisema. "Sikujua ni yeye. Hivi, mwanangu, ningemjua na nimkalishe nje?"

"Alisema ulimwangalia."

"Ninawaangalia wote. Kofia, miwani myeusi, wote wako hivyo. Mimi nimemwacha kijana wa miaka ishirini na tisa." Alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na maji. "Na hilo neno si la kufukuza. Umelisikia mwenyewe. Ningekuwa nakufukuza wewe, mtu nisiyekujua? Ni salamu. Anayepita, anasalimiwa hivyo."

Neus aliegemeza baiskeli ukutani. Akakaa kwenye kizingiti. Uso wake ukaanza kulegea, ukawa uso wa mtu aliyechoka tu.

"Na yeye alilijua hilo? Kwamba si kwaheri?"

"Alizaliwa chumba hicho nyuma yako."

"Kwa hiyo hakuondoka akidhani umemfukuza. Alijua ni salamu."

Fuensanta alimtazama mwanamke huyu aliyekuja kilomita arobaini juu ya baiskeli isiyo ya kimo chake akitafuta kitu cha kushika. Mtu wa mbali angeweza kuamini hivyo na kulala. Mtu wa Las Pilillas hawezi. Kwetu neno lile halisemwi kwa mtu wa nyumbani, halisemwi hata kwa mgeni akishashusha mguu. Akisimama mbele ya mlango wako unamuuliza anatafuta nini, anataka maji, anatoka wapi. Unamuuliza chochote. Adiós ni ya yule ambaye huna haja naye na yeye hana haja nawe. Mgeni wa mjini angeliambiwa neno hilo angedhani amefukuzwa, angekasirika, pengine angejibu, na wangejuana kwa sauti. Amador alilielewa sawasawa. Alielewa kwamba mama yake amemwona, amemtambua, na ameamua kumpa salamu ya mtu baki. Akaipokea kwa adabu, kama alivyofundishwa akiwa mtoto, akairudisha, akaenda kufa.

"Alijua," Fuensanta alisema. "Alijua ni salamu."

Neus akalia basi, kilio cha kutua mzigo, kichwa kwenye magoti. Fuensanta akanyanyuka akaingia ndani, akakata mkate, akauchimba, akamwaga mafuta mengi kuliko inavyofaa, akamletea. Neus aliula wote. Alieleza mambo mengine: kwamba hawakupata watoto, kwamba Amador alikuwa fundi wa mashine mpaka kiwanda kikafungwa, kwamba kila Jumapili alikuwa akienda kuendesha baiskeli peke yake na akirudi anasema vilima vya kule havina mpango, vinapanda tu. Fuensanta alisikiliza kila neno bila kukatiza. Alipoona Neus anasimama kutafuta kofia yake, aliuliza jambo moja.

"Siku ile alivaa nini?"

"Jaketi la njano," Neus alisema. "Kofia nyeusi. Alikuwa amefuga ndevu, zimeota nyeupe. Amekonda."

"Siku gani?"

"Jumamosi. Ya pili ya Oktoba."

Walikumbatiana, na Neus akaahidi atarudi kiangazi, na nadhani alimaanisha. Akapanda baiskeli ile kubwa akashuka kuelekea daraja. Fuensanta alibaki amesimama mpaka alipopotea, kisha akakaa, akafumba macho, akaanza kazi ya kukumbuka. Jumamosi ya pili ya Oktoba. Zeituni mbichi zile za kupasua, jiwe, beseni la maji. Siku za Jumamosi hupita watu sitini, sabini. Alimpata mwanamke mwenye mbwa kwenye kikapu, lakini huyo labda alikuwa wa Septemba. Aliwapata Wafaransa wazee walioomba kutumia choo. Alimpata mvulana aliyeanguka akachubuka kiwiko. Alimtafuta mtu mmoja aliyekonda, mwenye ndevu, mguu chini, na kila alipokaribia kumwona alijikuta ameona mtu mwingine, au mikono yake mwenyewe na jiwe.

Custodio alikata njia na trekta mchana, akaona bakuli la mboga limekauka juani na jirani yake amekaa macho yamefumbwa. Akazima injini, jambo ambalo huwa hafanyi.

"Unaumwa?"

"Custodio. Oktoba iliyopita, Jumamosi ya pili, ulipita hapa?"

"Bila shaka nilipita. Kwa nini?"

"Ulimwona mtu amesimama hapa mbele yangu? Wa jaketi la njano?"

Custodio alivua kofia akajikuna kichwa. Hakujua anaulizwa nini, na kwa kuwa si mtu wa kusema uongo, alifikiri kweli kweli kabla ya kujibu.

"Wa jaketi la njano," alisema. "Fuensanta, si wote wanavaa njano?"